Miji Isiyokuwapo: Kompyuta Ilivyojifunza Kujenga Ndoto

Leo naomba tuzungumzie majengo. Si yale ya Posta wala Upanga, wala ghorofa linalochipua kila wiki huko Kijitonyama. Nataka tuzungumzie majengo ambayo hayapo, hayajawahi kuwapo, na pengine hayatakuwapo kamwe. Unayajua. Umeyaona kwenye filamu, kwenye michezo ya kompyuta, na kwenye mabango makubwa ya kampuni za ardhi. Mnara umesimama juu ya mawingu, ngazi hazina mwisho, jua la jioni limeingia kwenye dirisha la pembeni utadhani mpiga picha alikuwapo. Kumbe hakukuwa na mpiga picha, hakukuwa na jua, hakukuwa na dirisha.

Habari hii ina historia ndefu, na historia hiyo inatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mwaka 1572. Mwaka huo, mjini Cologne, Ujerumani, mabwana wawili, Georg Braun na Frans Hogenberg, walichapa juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Kwenye ukurasa mmoja waliweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Hawakuwahi kufika Kilwa. Waliegemea habari za mabaharia. Kilwa yenyewe ilikuwa imevamiwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505, yaani miaka 67 kabla ya kitabu kutoka. Lakini picha ilichorwa vizuri, mistari imenyooka, maji yana mawimbi, na kwa msomaji wa Ulaya wa wakati ule hiyo ndiyo ikawa Kilwa. Nani angebisha?

Shika hapo. Mchoro mzuri wa jengo una nguvu ya ajabu: mtu akishauona, hauulizi maswali. Anauamini.

ENZI ZA KARATASI

Kabla ya umeme watu walijenga ndoto kwa wino. Giovanni Battista Piranesi, Mwitalia aliyesomea usanifu wa majengo Venice, hakupata kazi nyingi za ujenzi. Kanisa la Santa Maria del Priorato mjini Rome ndilo jengo ambalo jina lake limeshikamana nalo. Lakini katikati ya karne ya 18 alichonga kwenye shaba mfululizo wa picha za magereza ya kubuni. Madaraja yanapita juu ya madaraja, ngazi zinapanda kwenda kusikojulikana, minyororo inaning'inia. Mwaka 1761 alizichapa upya zikiwa 16, na akazitia giza zaidi kuliko mwanzo.

Mfaransa Étienne-Louis Boullée naye, mwaka 1784, alichora kaburi la heshima la Isaac Newton: tufe la mawe lenye kipenyo cha mita 150 hivi, refu kuliko piramidi kubwa ya Giza. Mchana, vitundu kwenye tufe vingeingiza mwanga kama nyota. Hakuna jiwe hata moja lililowekwa.

Sasa ona tatizo lao. Ukitaka kuona gereza la Piranesi kutoka upande wa pili, huwezi. Lazima amke kaburini achore upya. Karatasi ina upande mmoja tu. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. (Wapo wanaosema tarakilishi, wapo wanaosema ngamizi. Mimi nitabaki na kompyuta, tusigombane.)

BULI LA CHAI NA KIJANA WA HANOI

Mwaka 1963, pale MIT, kijana aitwaye Ivan Sutherland alionyesha programu yake Sketchpad. Unachora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo, na mashine inaelewa kwamba hicho ni kipande chenye urefu na pembe. Haikioni tena kama doa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuchora na kuunda umbo. Ukiunda umbo, unaipa kompyuta namba: nukta hii iko hapa, ile iko pale, unganisha. Ukishamaliza unaweza kulizunguka jengo lako kama nzi.

Mwaka 1968 Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Utah, na kwa miaka michache kile chuo cha jangwani kikawa kama kijiwe cha watu wote waliotaka kompyuta ichore. Mwaka 1975 Martin Newell alihitaji umbo la kufanyia majaribio. Mkewe Sandra akamshauri achore buli la chai lililokuwa nyumbani. Mpaka leo buli lile limo ndani ya programu nyingi za kazi hii. Wengi wanalitumia bila kujua kwamba ni chombo cha kweli kilichowahi kumiminia watu chai.

Lakini anayenigusa zaidi ni Bui Tuong Phong. Alizaliwa Hanoi mwaka 1942, akaenda Ufaransa kusoma, kisha Utah. Tatizo alilolikuta lilikuwa hili: maumbo ya kompyuta yameundwa kwa vipande bapa, kwa hiyo tufe likionekana linafanana na mpira wa ngozi uliochakaa. Tena halina mng'ao. Phong akatafuta hesabu ya kulainisha uso na kuweka kile kidoa cha mwanga unachokiona kwenye sufuria mpya au upara wa mzee. Alimaliza shahada yake ya uzamivu mwaka 1973. Makala yake ilichapwa mwaka 1975, na mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 32.

Leo jina lake limo katika vitabu vyote vya fani hii. Kila kuba la dhahabu la miji ya kubuni uliyoiona kwenye michezo ya zamani, ule mng'ao unaitwa Phong. Na kuna kichekesho cha uchungu: Phong ni jina lake la kupewa, la ukoo ni Bui. Vitabu vimemwita kwa jina la nyumbani, kama vile mtu angeandika "kanuni ya Juma". Hakuna aliyeona haja ya kurekebisha.

MWANGA UNAODUNDA

Haya, tuna maumbo na tuna mng'ao. Mbona bado yanaonekana ya plastiki?

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Cornell, kwa mtu aliyekuwa na mguu mmoja kwenye usanifu wa majengo: Donald Greenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake walitengeneza filamu ya kutembeza mtazamaji ndani ya chuo chao, yote ikiwa imeundwa kwa kompyuta. Walitumia mitambo ya General Electric huko Syracuse, wakifanya kazi usiku wenye mitambo wakiwa wamelala. Wanafunzi wa usiku, mashine ya kuazima... unapafahamu mahali hapo, sivyo?

Kilichomsumbua Greenberg ni mwanga wa ndani ya nyumba. Fikiria kichochoro cha Mji Mkongwe Unguja, saa sita mchana. Jua halifiki chini kwa sababu kuta ziko karibu mno. Lakini hakuna giza. Mwanga unapiga ukuta wa chokaa juu, unadunda upande wa pili, unadunda tena, mpaka unakufikia wewe chini umekuwa mpole kama maziwa. Kukiwa na ukuta uliopakwa rangi nyekundu, ukuta mweupe wa mkabala unaona haya kidogo. Kompyuta za miaka ya 1970 hazikuyajua hayo. Zilijua mwanga unaotoka taani kwenda kwenye kitu, basi. Pasipopigwa na taa ni giza tupu.

Mwaka 1980 Turner Whitted wa maabara za Bell alifuata njia ya mwale mmoja mmoja kutoka jichoni kurudi kwenye taa, ukipita kwenye kioo na kuakisiwa. Picha yake ya tufe mbili juu ya sakafu ya mirabaraba ilichukua zaidi ya saa nzima kukamilika. Mwaka 1984 watu wa Cornell wakatoa njia ya kuhesabu mwanga unaodunda kati ya kuta, na wakaionyesha kwa kisanduku kitupu chenye ukuta mmoja mwekundu na mwingine wa buluu. Kisanduku tu! Hakina samani wala mtu. Lakini ule ukuta mweupe ulikuwa umeona haya. Mwaka 1986 James Kajiya akayaunganisha yote katika mlinganyo mmoja: mwanga unaotoka kwenye nukta yoyote ni ule inaoutoa yenyewe, ukijumlisha na ule inaourudisha kutoka pande zote. Ni sentensi moja kuisema, lakini kuihesabu ni maisha, maana kila nukta inategemea nukta nyingine zote.

Kazi hiyo ya kuhesabu mwanga mpaka itoke picha ndiyo mafundi wanayoiita kurenda. Unaunda umbo, unalivika ngozi ya jiwe au mbao, unaweka taa, unaweka kamera, kisha unabonyeza na kusubiri.

KISIWA CHA NDUGU WAWILI

Kusubiri ndiko kunakonileta kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote: mchezo wa Myst, uliotoka Septemba 1993.

Waliouunda ni ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, na kikundi kidogo katika jimbo la Washington huko Marekani. Kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza michezo ya watoto. Walitaka kujenga kisiwa: maktaba yenye nguzo, mnara wa saa uliozungukwa na maji, chombo cha kwenda angani, meli iliyozama nusu. Mchezaji anafika peke yake, hana silaha, haambiwi kitu. Anatembea, anasoma majengo.

Vifaa vyao vilikuwa kompyuta za Macintosh na programu iitwayo StrataVision. Ardhi ya kisiwa walianza kuichora kama picha bapa ya rangi ya kijivu: penye weupe kuna mlima, penye weusi kuna bonde. Kompyuta ikainua weupe juu na kisiwa kikatokea. Mbinu hiyo bado inatumika hadi leo. Kisha wakajenga jengo moja baada ya jingine na kurenda picha zipatazo 2,500, nyingine zikichukua saa nyingi kila moja. Unalala, mashine inapaka rangi.

Sasa sikiliza sehemu tamu. Kila kitu kilikuwa kinawabana. Diski za CD za wakati ule zilikuwa polepole, kwa hiyo mchezo haungeweza kwenda kama filamu. Ukawa wa picha tuli, unabonyeza mbele, picha inabadilika. Kioo cha kompyuta za watu wengi kilionyesha rangi 256 tu. Kuunda binadamu anayeaminika kulikuwa hakuwezekani, kwa hiyo kisiwa kikawa kitupu, na wahusika wachache waliohitajika waliigizwa na hao ndugu wenyewe mbele ya kamera, wakaonekana ndani ya vitabu kama picha iliyoharibika.

Matokeo yake? Ukimya ule, utupu ule, kila picha imesimama kama imeshika pumzi... ikawa ndiyo roho ya mchezo. Uliuza zaidi ya nakala milioni 6 na kushika nafasi ya kwanza kwa mauzo ya michezo ya kompyuta za nyumbani mpaka The Sims ilipoupita mwaka 2002. Watu walinunua visomeo vya CD kwa ajili ya kisiwa ambacho hakipo.

Kitu kilichowafunga ndugu wale ndicho kilichowapa uzuri. Na hapa nina nadharia yangu, naomba unisikilize.

BORITI

Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa nini? Kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo chake. Mti uliokua kwenye tope la bahari ndio umeamua kitanda chako kikae wapi. Kwa kuwa chumba hakiwezi kupanuka, kinaongezeka kwa kurudiana: daka, kiwanda, misana, ndani. Ukingia zaidi, mwanga unapungua na heshima inaongezeka. Ukuta wa ndani kabisa unapambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, vinavyoushika ule mwanga mchache uliofika. Uzuri wote huo umeanzia kwenye urefu wa mti!

Mwaka jana nilikuwa najifunza programu ya kuunda maumbo, nikajipa kazi ya kujenga ua wa kubuni wa jumba la sultani katika mtindo wa pwani. Kwenye kioo hakuna kikomo. Unaweza kunyoosha chumba mita 60 kwa kidole kimoja na dari haitaanguka, kwa sababu hakuna mvuto wa ardhi wala fundi wa kukuambia "mwanangu, hiyo haitabeba." Kabla ya ukuta wowote niliunda boriti moja ya mita tatu, nikajiwekea sharia: chumba chochote kitapimwa kwa hiyo. Ndani ya wiki jumba likaanza kujipanga lenyewe. Nilipotaka ukumbi mpana, ilinibidi niweke matao na kuba, kama walivyolazimika mafundi wa Kilwa. Mara ya kwanza kurenda ua ule usiku, kompyuta yangu ilivuma kama pangaboi bovu, umeme ukakatika saa tisa, nikaanza upya. Asubuhi nikakuta picha. Mwanga ulikuwa umedunda kwenye chokaa na kuingia barazani kama inavyotakiwa. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kwenda kazini.

Kwa hiyo nikiona mji wa kubuni siku hizi, swali langu la kwanza ni: boriti zake ni za nini? Kama jengo haliniambii limebebwa na nini, mvua yake inakwenda wapi, na nani anafagia zile ngazi elfu, basi hata likirendwa kwa mashine ya mabilioni, kwangu ni keki ya harusi.

NANI ANA RUHUSA YA KUOTA?

Programu niliyoitumia inaitwa Blender, na historia yake inastahili aya yake. Ilianzia Uholanzi kwa Ton Roosendaal. Mwaka 2002 wawekezaji wa kampuni yake walifunga virago. Programu ingekufa. Roosendaal akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili iachiliwe huru kwa kila mtu. Zilipatikana ndani ya wiki saba. Tangu Oktoba 2002 Blender ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Mwaka 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, yenye paka na magofu ya mji uliomezwa na maji, ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Ilitengenezwa kwa Blender. Ule mlinganyo wa Kajiya wa 1986 nao umo ndani ya programu hiyo tangu 2011. Kifaa kilichokuwa cha maabara ya Cornell kiko mikononi mwa kijana wa Tandale mwenye kompyuta ya mtumba.

Lakini kuota hakukuanza na programu. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyezaliwa 1948, alijenga miji mizima kwa karatasi, maboksi, vifungashio na gundi. Kijiji chake cha kuzaliwa, Kimbembele Ihunga, alikijenga upya mwaka 1994 kama jiji la minara na uwanja wa mpira. Mwaka 1996 akajenga Ville Fantôme, mji wa mzimu, ambao alisema hauhitaji polisi. Alifariki 2015. Mwaka 2018 jumba la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho makubwa, na wageni wakavaa miwani ya kompyuta ili watembee ndani ya mitaa ya Ville Fantôme. Mkasi na gundi vya Kinshasa vikawa mji wa kidijiti!

Mwaka huohuo wa 2018 dunia ikaona Wakanda kwenye Black Panther. Wakanda yenyewe ilibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani weupe wawili. Miaka 52 baadaye aliyekabidhiwa kuipa sura alikuwa Hannah Beachler, Mmarekani mweusi. Aliandaa kitabu kinene cha maelezo ya nchi hiyo ambayo haipo: usafiri wake, wilaya zake, masoko yake. Mwaka 2019 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya usanifu wa mandhari ya filamu. Ukitazama mji wake, ghorofa ndefu zimevaa paa za msonge na chini watu wanauza vitu mtaani. Wakanda ina boriti.

Tofauti ya Wakanda na ile Kilwa ya 1572 ni nini basi? Zote mbili ni za kubuni. Ila moja ilikuwa inasema "hivi ndivyo walivyo", na nyingine inasema "hebu tufikiri tungekuwaje".

NDOTO ZA MABANGO

Na hapa, wadau, ndipo mzaha unapoisha. Kuna watu wa tatu wanaorenda majengo yasiyokuwapo, nao hawatengenezi filamu wala michezo. Wanatengeneza mipango miji.

Mwaka 2014 Vanessa Watson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliandika makala kuhusu kile alichokiita njozi za miji ya Afrika. Alitazama picha za kompyuta za miji mipya iliyokuwa ikitangazwa: Eko Atlantic ya Lagos, Kilamba ya Luanda, na nyinginezo, huku kwetu zikiwamo Kigamboni, Kigali, na miji iliyopangwa kuzunguka Nairobi. Vioo vitupu, barabara pana, miti iliyokatwa kwa mraba. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuimeza: katika picha zile wakazi wengi wa miji hiyo hawamo. Mama ntilie hayumo, bodaboda hayumo, mwenye kibanda cha chumba kimoja hayumo. Na mtu asiyekuwamo kwenye picha ni rahisi kumwondoa kwenye ardhi.

Myst ilikuwa tupu kwa sababu kompyuta haikuweza kuunda binadamu. Mabango yetu ni matupu kwa sababu gani? Leo kuweka watu ndani ya picha ni kazi ya dakika tano. Yeyote asiyewaweka ameamua.

Sisemi kila mchoro wa mji mpya ni uongo. Zaha Hadid, mwanamke wa Baghdad, alidhihakiwa kwa miaka mingi kuwa ni msanifu wa karatasi kwa sababu michoro yake haikujengeka. Jengo lake kubwa la kwanza, kituo cha zimamoto cha Vitra huko Ujerumani, lilikamilika mwaka 1993. Kompyuta zilipojua kuhesabu mikunjo, ndoto zake zikasimama duniani, ikiwamo ile ya Baku ya mwaka 2012. Ndoto inaweza kuwa jengo. Ila lazima ujue unaota juu ya ardhi ya nani.

KILWA TENA

Husuni Kubwa, pale Kilwa Kisiwani, ni magofu ya jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ni sultani yuleyule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, matao, kuba, na birika la kuogelea lenye pembe nane likitazama bahari. Neville Chittick alilichimbua miaka ya 1960. Wanaakiolojia wanasema huenda halikumalizika kamwe. Yaani hata wenyewe waliliota wakaishia njiani.

Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa mashine za leza, ukuta kwa ukuta, nukta kwa nukta. Hiyo ni kumbukumbu: kilichobaki, kilivyobaki. Lakini leza haiwezi kupima paa lililokwisha kuanguka. Paa lazima mtu aliwaze. Siku hizi kuna mashine za kuchora kwa kuambiwa maneno, na nimejaribu kuiambia mojawapo inichoree mji wa Waswahili wa karne ya 14. Ikaniletea kuba za vitunguu za Urusi, ngamia, na vibanda vya nyasi vilivyobandikwa pembeni. Imechorwa vizuri mno! Mwanga unadunda inavyotakiwa, Phong angefurahi. Ni Braun na Hogenberg wamerudi, safari hii wanachapa maelfu kwa siku.

Dawa yake si kulalamika mtandaoni. Dawa ni kwamba anayejua boriti ya mkoko ina urefu gani, anayejua kidaka kinakaa ukuta upi, anayejua chokaa ya matumbawe inavyochomwa, akae chini ajenge. Programu ni bure. Vipimo vya magofu vimechukuliwa. Mafundi wazee wa Lamu na Unguja bado wapo, ingawa si wengi, na hawatatusubiri. Mwanafunzi wa usanifu wa Ardhi, kijana wa Mtwapa anayechezea Blender usiku, nawaambia ninyi: paa la Husuni Kubwa liko wazi. Ukilifunika, andika pembeni kwa herufi zinazosomeka kipi umekipima na kipi umekiwaza, ili mjukuu wako asije akakuamini kama Ulaya ilivyomwamini Braun. Kisha waweke watu uani. Mmoja awe anafagia.